Picha ndogo, ukuta mkubwa: maneno juu ya kukuza picha za wapendwa wetu

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya komite ya kumbukumbu mbele ya mkutano wa wanamemba, Baraka)



Tumeombwa tuseme juu ya kazi moja tu: namna ya kuchukua picha iliyo katika simu na kuitoa kwenye karatasi kubwa ya ukutani. Wengine watasema hiyo ni kazi ya studio, haiko kazi ya chama. Tunawaelewa. Lakini munajua wote kwa nini jambo hili limefika mbele ya mkutano. Mulikubali kwamba ukuta wa upande wa kushoto wa nyumba yetu ya mikutano uwekwe picha za watu wetu waliofia ukimbizini. Pesa kidogo imewekwa pembeni kwa kazi hiyo. Sasa picha zimeanza kuingia, na pamoja na picha yameingia maneno.

Tukumbuke kwanza tunazungumza juu ya nani. Sisi tulivuka Ziwa Tanganyika kuanzia 1996 na miaka iliyofuata, tukaishi Lugufu na Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Meli zilipoanza kuturudisha Baraka na Uvira, 2005 na kuendelea, kila jamaa ilifunga mzigo wake: sufuria, magodoro, baiskeli, mabati kwa wale walioyapata. Makaburi hayakufungwa katika mzigo. Yamebaki ng'ambo. Lugufu yenyewe ilifungwa, na leo mtu akitaka kwenda kusafisha kaburi la mama yake anahitaji nauli na karatasi za mpaka ambazo wengi hatuna. Kwa jamaa nyingi hapa, picha njo kaburi lililobaki karibu. Kwa hiyo ikiharibika, haiko hasara ya karatasi tu.

Maneno yaliyoingia ni haya. Wanamemba wengi walisema: "Wote wawekwe ukubwa moja, ile kubwa kabisa, A1, ili mutu asiseme wa kwake amezarauliwa." Nia ni nzuri. Lakini jamaa moja iko na mtoto Marekani aliyetuma picha safi kabisa ya baba yao. Jamaa nyingine iko na picha moja tu ya paspoti, imekunjwa katikati. Tukizitoa zote mbili kwa A1, ya kwanza itakuwa mtu, ya pili itakuwa wingu. Hapo usawa tuliotafuta utageuka kuwa aibu kwa wasio na kitu. Tumekuja na njia nyingine, lakini kwanza tueleze picha inakuzwa namna gani, ili mupige kura mukiwa munaelewa.

PICHA NI KAMA MKEKA

Picha ya simu imesukwa kwa vitone vidogo vya rangi, vinaitwa pikseli. Fikirini mkeka. Ukiwa na ukindu wa kusuka mkeka wa mtoto, huwezi kuuvuta mpaka uenee sebule nzima. Ukiuvuta, nafasi zitafunguka. Picha ni vilevile. Mashine ya kuchapa haiongezi ukindu, inavuta tu ule ulioletwa. Ndiyo sababu tunasema: picha kubwa haitengenezwi kwenye mashine, inatengenezwa katika faili uliyoleta.

Sasa hesabu. Haihitaji shule kubwa. Katika simu fungua picha, tafuta mahali pameandikwa maelezo yake, utaona namba mbili, kwa mfano 4000 × 3000. Chukua ile namba kubwa.

Gawa kwa 120: utapata sentimita za picha ya kushikwa mkononi na kuangaliwa karibu.

Gawa kwa 60: utapata sentimita za picha ya ukutani inayoangaliwa na mtu aliyesimama hatua moja.

Gawa kwa 40: utapata sentimita za picha inayoangaliwa kutoka hatua mbili au tatu, ukisimama katikati ya nyumba.

Tupime. Simu ya kamera ya megapikseli 12 inatoa 4000 × 3000. Elfu nne ukigawa kwa 60 ni sentimita 66. Karatasi ya A2 urefu wake ni sentimita 59 na nusu hivi, kwa hiyo inatosha, na inabaki. Ukigawa kwa 40 unapata mita moja, na A1 ni sentimita 84, basi A1 pia inawezekana kwa kuangaliwa mbali.

Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida, mara nyingi upande wake mrefu unabaki na pikseli 1600 hivi. Gawa kwa 60: sentimita 26. Haifiki hata A4, ambayo ni karibu 30. Na simu ndogo za zamani, zile tulizokuwa nazo kambini, nyingi zilitoa 640 × 480. Gawa kwa 60: sentimita 10. Ni kadi ya mkononi, haiko bango.

Munasikia hapo? Mtu mmoja, baba yuleyule, anaweza kuwa na sentimita 66 au 26 au 10. Hakupungua yeye. Imepungua njia aliyopitia.

MAHALI PICHA INAPOTEA

Picha nyingi zilizoletwa kwetu zilizaliwa kubwa, zikapunguzwa njiani. Tutaje njia nne zinazopunguza.

Ya kwanza ni WhatsApp ya kawaida. Inabana picha ili isile megabaiti, na kwa kila siku hiyo ni msaada. Kwa kazi hii ni hasara. Tangu 2023 kuna alama ya HD wakati wa kutuma, inasaidia, ijapo nayo inabana kidogo. Njia ya hakika ni kuituma kama dokima, yaani kama vile unavyotuma barua au faili. Hapo inafika vile ilivyo.

Ya pili ni kupiga picha kioo cha simu, yaani kuhifadhi kile kinachoonekana kwenye skrini. Hapo unachukua skrini, hauchukui picha.

Ya tatu ni kuchukua picha kwenye Facebook, hasa ile ndogo ya duara ya mwenye ukurasa. Ile ni kivuli cha picha.

Ya ine ni kukata. Mtu analeta picha ya arusi yenye watu ishirini, anasema: "Mutoe tu huyu wa nyuma, ni mama." Picha nzima iko na pikseli 4000, lakini mama peke yake, kichwa na mabega, anaweza kuwa na 400 tu. Gawa kwa 60: karibu sentimita 7.

Kwa hiyo ombi letu kwa kila jamaa ni moja: mbele ya kulipa chochote, mutafute faili ya mwanzo. Nani alipiga ile picha? Ile simu iko wapi? Kadi yake ya memori iko wapi? Mara nyingi mwenyewe yuko Nyarugusu bado, au alipata bahati ya kwenda Marekani ao Canada. Mumwandikie hivi, tumeandika kwa lugha yetu ili mtoto asikose kuelewa:

"Shangazi yako anakusalimia. Tunaomba ile foto ya babu, ile ulipiga wewe mwenyewe. Usiitume kama foto. Bonyeza alama ya kutuma faili, chagua dokima, kisha uitafute ile foto humo. Usiikate, usiipake rangi, usiweke maua. Itume vile iko."

Mwingine atajibu kwamba megabaiti zake hazitoshi. Faili moja ya namna hiyo mara nyingi ni megabaiti tatu mpaka tano. Ni kidogo kuliko video moja ya kuchekesha. Asubiri tu mahali penye mtandao mzuri.

PICHA ZA KARATASI

Wengi wetu hatuna faili, tuko na karatasi: picha ya studio, ya ubatizo, ya paspoti, au picha iliyo kwenye kadi ya uchaguzi. Hizi musizipige na simu mukiwa mumeinama chini ya balbu. Mulete zenyewe, tuzipitishe kwenye skana. Skana ikiwekwa 600, picha ya kawaida ya 10 kwa 15 inatoa zaidi ya pikseli 3500, na hapo A2 inawezekana. Picha ya paspoti, ya sentimita tatu na nusu kwa ine na nusu, inatoa pikseli elfu moja na kidogo: ni sentimita 17 ukutani. Kuongeza namba ya skana mpaka 1200 hakutaongeza sura. Karatasi yenyewe haina zaidi ya kile ilicho nacho.

Kama skana iko mbali na picha haiwezi kusafiri, basi mutumie simu, lakini kwa adabu yake: mchana, kwenye kivuli chenye mwanga, karibu na mlango. Picha ilale kwenye meza, simu iwe juu yake sawasawa, isiiname upande. Flashi mzime. Musisogeze kwa zumu ya vidole, musogeze mkono. Mupige mara tano, muchague moja.

Na tafadhali, picha iliyoshikana na kioo cha kadre musiibandue kwa nguvu. Uso utabaki kwenye kioo. Mutuletee na kadre yake, tuichukue ikiwa ndani.

MASHINE INAYOBAHATISHA

Sasa tuseme juu ya jambo ambalo vijana wametuletea kwa furaha. Kuna programu za akili bandia. Unaingiza picha yenye ukungu, inatoka safi, macho yanang'aa, kila unywele unaonekana. Vijana wanauliza: "Sasa shida iko wapi? Si tutumie hiyo kwa wote?"

Tuelewe inachofanya. Njia ya zamani ya kukuza inaangalia vitone viwili vya jirani na kujaza katikati kwa wastani wao. Inatoa ukungu, lakini haidanganyi. Njia mpya imefundishwa kwa picha nyingi sana za watu wengine. Ikikuta uso usio na vitone vya kutosha, inajaza kwa kile ilichojifunza kwa wale wengine. Haimkumbuki mzee wetu. Haijawahi kumwona.

Jamaa moja kati yetu walitengenezewa picha ya baba yao kwa njia hiyo katika studio moja. Ilikuwa nzuri mpaka watu wakashangaa. Kisha mjane akaiangalia muda mrefu, akasema: "Huyu ni mutu mwema, lakini haiko bwana yangu." Mzee alikuwa na mwanya katika meno ya mbele, na kovu dogo juu ya nyusi. Mashine ilifunga mwanya, ikafuta kovu. Ilimpa ngozi ya kijana. Jamaa wakarudisha ile ya ukungu, ndogo, wakaitundika hiyo.

Hatusemi programu hizo ni mbaya kila mahali. Kwa picha ya mlima, ya soko, ya mtumbwi, mutumie. Kuondoa mstari wa kukunjwa unaopita kwenye shati, sawa. Lakini kwenye uso wa marehemu, komite inaomba tuweke sheria: mashine isichore. Wajukuu waliozaliwa huku hawakumwona babu. Watakachoona ukutani njo watakachoamini. Tukiwapa sura ya mtu ambaye hakuwapo, tumewazika wazee wetu mara ya pili.

TUNACHOPENDEKEZA

Hapa tunafika kwenye usawa. Pendekezo letu ni hili: usawa uwe wa kadre, usiwe wa uso.

Kila marehemu apewe karatasi ya A2, sentimita 42 kwa 59, kadre moja ya mbao, rangi moja. Katikati, juu kidogo, iwekwe picha yake kwa ukubwa ambao faili yake inabeba. Hakuna picha itakayopita sentimita 30 kwenda juu, hata ile safi ya Marekani. Nyingine zitakuwa na 26, nyingine 17, nyingine 10. Kuizunguka, karatasi nyeupe. Chini yake jina, kwa herufi kubwa za kusomeka kutoka mlangoni, kisha kijiji alichozaliwa, kisha mahali alipozikwa.

Kwa nini jina? Kwa sababu herufi hazikusukwa kwa vitone kama picha. Kompyuta inazichora upya kwa kila ukubwa, hata uzitake za urefu wa mtu, zinatoka safi. Picha ya maskini ina mwisho wake, jina lake halina mwisho. Tukiandika majina yote kwa ukubwa mmoja, mtu anayeingia atasoma kwanza jina, kisha atasogea karibu kutazama uso. Picha ndogo inamwita mtu asogee. Hakuna atakayejua nani alikuwa na simu ya bei na nani hakuwa nayo.

Na kuna wale wasio na picha hata moja. Tunawajua. Watoto waliokufa wakiwa wachanga, wazee waliofariki safarini kabla ya kufika kambini. Hao nao wapewe kadre yao ya A2, jina lao, kijiji chao, na nafasi nyeupe pale juu. Jamaa ikitaka kuandika maneno mawili hapo, iandike. Tusiwaache nje ya ukuta kwa sababu hakuna aliyewapiga picha.

Tena kuna faida ya sanduku letu. A1 moja ni sawa na A2 mbili, ni sawa na A3 ine, ni sawa na A4 nane. Kwa karatasi ya watu hamsini kwa A1, tunapata ya watu mia moja kwa A2.

KWA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru kwa moyo. Baadhi yenu muliuliza kama munaweza kutulipia makaliko makubwa ya turubai yenye sura za wanamemba, ya kutundika barabarani, ili kazi ya chama ijulikane. Tunajibu kwa heshima. Kukuza uso wa mtu ni kumtoa nje. Picha ya mkononi inaonekana na jamaa, kaliko la mita tatu linaonekana na kila anayepita, na wengine kati yetu wako na kesi za mashamba ambazo hazijaisha. Kwa hiyo sura ya mtu aliye hai haitakuzwa bila yeye mwenyewe kukubali, akiwa ameonyeshwa kwanza ukubwa na mahali itakapowekwa. Hata katika picha ya marehemu, kama pembeni amesimama mtu aliye hai, tutamuuliza.

Kama munataka kusaidia ukuta huu, skana moja nzuri na nauli ya kijana mmoja kuzunguka vijijini kukusanya picha za karatasi vitatusaidia kuliko mashine kubwa. Mashine kubwa zinaweza kukodiwa siku moja. Picha iliyoliwa na mchwa haikodiwi.

MBELE YA KUCHAPA NA BAADA

Kwa yeyote atakayechapa picha kubwa, hata ya nyumbani kwake, mambo matatu.

Uombe jaribio. Mwambie mwenye mashine akate kipande cha uso tu, kwa ukubwa uleule kitakaokuwa nao ukutani, akitoe kwenye karatasi ya A4. Bei yake ni ndogo. Kibandike ukutani, rudi nyuma hatua mbili, uite jamaa waone. Wakimtambua bila kusita, endelea. Wakisita, punguza ukubwa.

Usitundike mahali jua linapiga. Rangi za mashine nyingi zinafifia. Na huku kwetu ziwani kuna unyevu: acha nafasi ndogo kati ya picha na kioo, la sivyo vitashikana.

Na faili ya mwanzo usiifute baada ya kuchapa. Iweke kwenye flashi moja, nyingine ampe ndugu wa mji mwingine. Karatasi itazeeka, faili ikiwapo utatoa nyingine.

Ndugu zetu, pendekezo liko mbele yenu, mutalipigia kura mbele ya kufunga mkutano: A2 kwa wote, majina kwa herufi moja, na mashine isichore nyuso. Meza ya kuandikisha iko karibu na mlango. Mulete jina la marehemu vile yeye alivyokuwa akiliandika, kijiji, mahali alipozikwa, na picha kama iko. Kama haiko, mulete jina tu. Kuna daftari la majina hayo pia, na tumekwisha kulifungua.